Protini za Mgeni

Kosa litakalofunuliwa katika sura hii ni la msomi anayetaka neno lake libaki zima hata kama jirani yake atavunjika. Nalitaja mapema kwa sababu mwezi uliopita nilikaa katika matanga ya Muzee Bonaventure, mfasiri wa redio niliyefanya kazi chini yake nilipokuwa msichana, nikasikia kosa hilo hilo likisifiwa kama fadhila. "Muzee huyu," alisema mzungumzaji, mkono mmoja kifuani, "hakuwahi kurudisha neno lake hata siku moja." Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Nikapokea sahani ya wali bila kuila, nikainuka, nikaenda kukaa upande wa pili wa hema, nikainuka tena, hata mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza, "Mama, kiti kinakuuma ao nini?" Nikamjibu kwamba kiti hakina neno. Nikaondoka kabla ya sala ya mwisho, jambo ambalo silifanyi kwa kawaida na nisilomshauri mtu kulifanya, nikatembea kwa miguu hadi nyumbani, na mwaka mmoja wa kazi ile ya redio ukawa unanifuata nyuma kama mtu mwenye madai.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba mtaani Mapendo, katika parseli ya Papa Shabani. Parseli, kwetu Goma, ni ua mmoja wenye vyumba vingi na choo kimoja, na ya Papa Shabani ilisimama juu ya mawe ya volkano yaliyokuwa makali kiasi cha kukata ndara. Kuta zilikuwa za mbao, na mbao za Goma hazitunzi siri. Nilijua nani amekohoa, nani amegombana na mume wake kimyakimya, nani ameunguza sombe, yaani kisamvu, akajaribu kuiokoa kwa mafuta ya mawese. Kitanda changu kiligusa ukuta wa Mama Espérance. Huyu alikuwa ameshuka kutoka milima ya Masisi na watoto wake vita vilipoingia kilimani kwao, naye aliishi kwa kuuza maziwa huko sokoni Birere: asubuhi alipokea bidoni, madumu ya plastiki, zilizofika kwa chukudu, baiskeli ile ya mbao isiyo na pedali, akachuja kwa kitambaa cheupe, akajitwisha. Alikuwa na ulimi. Kila aliponiona narudi kazini na vidole vyeusi kwa wino wa mashine ya kuchapa, alipaza sauti ua mzima usikie: "Mademoiselle, kule ku radio banakulipa ao unakulaka karatasi?" Kisha, kabla sijajibu, kikombe cha mtindi kilikuwa kimekwisha kupita juu ya kizingiti changu. Nilikuwa nikiunywa nimesimama. Nilikuwa katika umri ule ambao mtu huona kukaa ni kupoteza wakati, na mji wenyewe ulikuwa umesimama vivyo hivyo: kila mtu mlangoni, kila sikio barabarani, kila mwenye redio ndogo akiibeba begani kama mtoto mgonjwa.

Redio yetu ilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la vitenge Birere. Studio tuliibandika trei za mayai ukutani na blanketi mlangoni ili kelele za pikipiki zisiingie, nazo ziliingia. Muzee Bonaventure alikuwa ndiye sauti ya mahali pale. Alikuwa amesoma seminari akaiacha karibu na mwisho, na mapadri walikuwa wamemwachia Kifaransa kilichonyooka, koti lisilovuliwa hata kwenye joto, na imani kwamba kusitasita ni dhambi. Watu walizima majiko yao wapate kumsikiliza. Alipokosolewa, jibu lake lilikuwa moja: "Neno ni musumari. Ukiling'oa, ubao unabaki na tundu." Nilimheshimu, na sioni haya kusema hivyo, mengi ninayoyajua juu ya kuijenga sentensi niliyapata kwa kumsikiliza akiijenga ya kwake. Ndiyo maana kisa hiki hakijaniacha nitulie.

Kampeni ya matone ya chanjo ya polio ilipokaribia, mkurugenzi alimwalika mwalimu wa biolojia kutoka chuo kimoja cha Bukavu aje aeleze ugonjwa ule. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, aliyevaa kitenge cha rangi ya majani na viatu vyenye vumbi la bandarini. Katika utangulizi aliitwa tu "mgeni wetu wa leo". Jina lake lilitajwa mara moja, muziki ukalimeza. Mkurugenzi alimtaka aseme Kifaransa, akiamini kwamba sayansi ikisemwa Kiswahili hupungua uzito. Tungerekodi asubuhi, mgeni arudi bandarini kuwahi meli, na Muzee Bonaventure angeweka tafsiri yake juu ya sauti ile baada ya chakula, tayari kwa matangazo ya jioni.

Nilikaa pembeni nikibadilisha kaseti, na mpaka leo naweza kuyakariri maelezo yake. Alisema kirusi cha polio ni kama ujumbe tu, uzi mmoja mrefu unaoitwa RNA uliofungwa ndani ya gamba. Kikifika kwenye seli, gamba hubaki nje na uzi huingia uchi. Seli yetu nayo ina ujumbe wake wa kila siku, nyuzi za namna hiyo hiyo, lakini zetu huvaa kofia kichwani, na uzi usio na kofia hukutana na vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuukata kuanzia kichwani hadi uishe. Kwa haki, basi, ujumbe wa kirusi ungepaswa kufa pale pale. Haufi. Kichwa chake kimejikunja mfano wa jani lenye sehemu tatu, na ndani ya seli imo protini ambayo hulijua jani lile, hulishika, hulikumbatia, na vimeng'enya vikija havipati pa kuanzia. "Na protini hiyo," alisema kwa Kifaransa, akiinama kuelekea kipaza sauti kana kwamba anamnong'oneza mtu anayempenda, "si mbaya. Kazi yake nyingine ni kuutunza ujumbe unaotengeneza damu yetu. Ni mlinzi mwema. Amekosea tu mtu wa kumlinda." Chanjo, alimaliza, huufundisha mwili kukikamata kirusi nje, mlangoni, kabla hakijaingia kudanganya walinzi.

Akaenda zake. Tukala sambaza, vidagaa vya ziwani, za kukaanga na bugali juu ya meza ya kuchapia, kisha Muzee akaingia studio. Alitafsiri vizuri ajabu. Kofia, jani, kukumbatia, vyote vilipita katika kinywa chake vikawa vya kwetu. Mpaka akafika katika sentensi iliyosema kwamba ni *les protéines de l'hôte* zinazoushika uzi wa kirusi na kuulinda. Sasa neno *hôte* katika Kifaransa lina ugonjwa wake: ni yule anayepokea, na pia ni yule anayepokewa. Mwenye nyumba na mgeni wake huitwa kwa jina moja. Mwanabiolojia alikuwa na maana ya seli inayokipokea kirusi. Muzee, ambaye seminarini alikuwa amefundishwa kuwakaribisha *nos hôtes*, wageni wetu, kila sikukuu, akasema kwa sauti ile iliyozimisha majiko: "Ni protini za mgeni ndizo zinazokishika kirusi na kukilinda."

Nilisimamisha kaseti. Nikamwambia, "Muzee, hapo si mwenyeji?" Akanitazama juu ya miwani. "Mademoiselle, ulisoma ku mapadri gani?" Akaashiria niendelee. Jioni ile sentensi iliingia katika kila chumba cha mbao cha mji huu.

Mtu asiye wa Goma atauliza ubaya uko wapi. Ubaya wa kwanza ni kwamba kwetu neno mgeni halijapata kuwa neno la ukarimu peke yake. Kuna miaka ambayo likitamkwa watu hufunga mizigo. Ubaya wa pili ulitokana na mafundisho mema. Kwa muda mrefu vituo vya lishe vilikuwa vimebandika picha kila mahali kuwafundisha akina mama kwamba protini ni maziwa, maharage na samaki. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba kuna protini ndani ya seli. Kwa hiyo mji haukuhitaji hata usiku mmoja kuelewa: protini ya mgeni ni maziwa ya mgeni, na maziwa ya wageni walioteremka kutoka milimani ndiyo yanayokificha kirusi kisife, watoto wetu wapooze.

Kesho yake nilimkuta Mama Espérance kule Birere ameketi nyuma ya bidoni zilizojaa. Mteja wake wa siku zote, muuza mandazi wa pembeni, alikuwa amegeuza benchi lake na kumpa mgongo.

"Mama Mandazi, leo hautwai?" alimwita.

"Leo tumbo halitaki."

"Jana lilitaka."

"Jana radio haikukuwa imesema."

Mwanamke mwingine aliyekuwa akipita akaongeza, bila kusimama, "Enda ukauzishe ku batu ya kwenu. Si njo beko na ile protini?" Watu wakacheka. Mama Espérance naye akacheka, maana ulimi wake haukuwa umezoea kushindwa: "Wewe mwenyewe nimekulisha ile protini tangu mwaka juzi, ona vile ulinona!" Lakini nilimwona mkono. Ulikuwa unakifunga na kukifungua kifuniko cha bidoni, kukifunga na kukifungua. Mchana vijana walikuja wakaipindua bidoni moja kwa teke. Maziwa hayakutiririka, mawe meusi yaliyanywa yote pale pale.

Jioni wapangaji walikusanyika mlangoni kwa Papa Shabani. Nilisikia kila neno kupitia ukuta. Walitaka Mama Espérance aondoke kabla ya Jumapili, kwa kuwa Jumatatu wachanjaji wangepita na hawakutaka matone ya watoto wao "yaharibike" katika parseli yenye maziwa yake. Papa Shabani, mfanyabiashara wa chumvi na sabuni, Mwislamu ambaye babu yake alitoka Maniema, aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi mwenyewe niko mugeni ao niko mwenyeji? Miaka yote minaishi hapa, jibu inategemea nani njo amekasirika." Akawaambia atafikiri. Upande wa pili wa ukuta wangu, Mama Espérance alikuwa ameanza kukunja vitenge. Kitenge kikikunjwa na mtu asiye na pa kwenda hutoa sauti ambayo sijawahi kuieleza vizuri.

Nilirudi kwa Muzee Bonaventure. Nilimweleza habari ya bidoni, ya benchi lililogeuzwa, ya Jumapili. Hakuwa mtu katili, aliniambia niketi, nikakataa, akafungua kamusi yake kubwa na kunisomea: *hôte*, anayepokea, *hôte*, anayepokewa. "Unaona? Nimechagua moja kati ya mbili. Kamusi inanikubali. Wajinga wakichanganya protini na maziwa, kosa ni la mfasiri?" Nikasema kosa litakuwa lake kuanzia sasa, kwa kuwa sasa anajua. Akafunga kamusi polepole. "Nikirudi ku micro kusema nilikosea, kesho hata nikitangaza saa, batauliza kama ni kweli."

Nimeishi na jibu hilo kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, nami huligeuza huku na huku. Lina hoja ndani yake, na hilo ndilo linaloniudhi. Uaminifu wa msemaji ni mali ya umma. Ukichezewa, wote hupoteza. Lakini mtu anayelinda sifa ya ukweli wake kwa kuuacha uongo wake utembee hafanani na mlinzi wa ukweli. Uvumi ule, kama ungetoka kinywani mwa mlevi wa Birere, ungekatwa kichwa kabla ya giza. Uliishi kwa sababu sauti njema, iliyozoea kututunzia mambo mema, ilikuwa imeushika na haikutaka kuuachia.

Nilifikiri dawa ni rahisi: mkurugenzi aagize isomwe upya kwa neno sahihi, mwenyeji. Nilimweleza Papa Shabani mpango huo huku nikizungukazunguka chumbani mwake, naye anakunywa chai yenye tangawizi. Akaiweka chini. "Binti, ukisema ni protini ya wenyeji njo inachunga ugonjwa, unaponyesha nini? Bale beko wanatupa mawe leo batatupiwa kesho. Mawe itabaki ile ile, itageuka tu njia." Nikasimama. Alisema kweli. Katika lugha yetu pande zote mbili za neno lile zilikuwa zimekwisha kunolewa na siasa. Popote ungeligusa, lingekukata.

Ndipo nilipoteremka Birere kwenye kibanda cha simu, nikampigia yule mwalimu wa Bukavu. Nilimsimulia yote. Mwanzoni hakuelewa. "Maziwa?" aliuliza. "Kwa nini maziwa?" Nikamfafanulia. Kisha akasema, kwa Kiswahili safari hii, "Ule mama bado iko ku nyumba?" Nikasema yuko hadi Jumapili. "Basi nitakuya Jumamosi na meli. Mwambie muzee asikimbie."

Jumamosi mkurugenzi alimpokea kwa masharti. Redio haitasema imekosea. Atatafsiri Muzee Bonaventure, moja kwa moja hewani, wala si mtu mwingine. Mwanabiolojia alikubali yote haraka mno, nikaogopa kwamba hakuelewa. Tukaingia studio. Kabla taa nyekundu haijawaka alimgeukia Muzee.

"Muzee, nakuomba jambo moja. Ile *hôte*, tuiache. Sema 'mwili wako mwenyewe.'"

"Ukisema *hôte*, nitatafsiri *hôte*. Kusema kitu kingine ni kudanganya."

"Hutatafsiri kitu ambacho sijasema?"

"Hata koma."

"Na nikisema, utatafsiri chote?"

"Chote."

Mwanabiolojia akatabasamu kidogo, akavuta kiti. Taa ikawaka. Akaanza kwa Kifaransa, polepole, kama mwalimu anayeamuru imla: "Juma hili mimi nilizungumza vibaya." Muzee Bonaventure alirekebisha miwani yake. Kisha akatafsiri, kwa sauti yake yote: "Anasema yeye alizungumza vibaya." Nilimtazama usoni nikitafuta haya. Niliona nafuu. Mwanamke akaendelea: "Nilitumia neno ambalo halikufaa. Sizungumzi juu ya maziwa, wala chakula, wala kabila, wala mtu aliyetoka mahali fulani. Nazungumza juu ya mwili wa huyu anayenisikiliza sasa. Weka mkono wako kifuani. Ni protini iliyo humo, yako wewe, uliyozaliwa nayo, ndiyo inayokishika kirusi kichwa na kukitunza, ikidhani inatunza damu yako. Mimi ninayo. Muzee anayetafsiri anayo. Aliyelala kijijini Rumangabo anayo sawasawa na aliyelala Birere. Hakuna mtu aliyeileta kutoka kilimani." Na Muzee, mtumwa wa uaminifu wake mwenyewe, alitafsiri kila neno, hata lile lililomtaja yeye, naye alilitafsiri vizuri kuliko alivyowahi kutafsiri kitu. Alipofika "weka mkono wako kifuani," nilimwona ameweka wa kwake.

Wapangaji hawakurudi kwa Papa Shabani siku ya Jumapili. Simwambii msomaji kwamba walitubu. Mmoja alisema tu kwamba kuhamisha watu wakati wa mvua ni kazi. Wachanjaji walipita Jumatatu, na watoto wa Mama Espérance walifungua vinywa katika foleni moja na wengine. Mama Mandazi alichelewa zaidi, lakini benchi lake lilirudi lilivyokuwa. Mjini, watu walimsimamisha Muzee Bonaventure barabarani: "Aksanti muzee, ulitufungua macho," naye aliinamisha kichwa na kupokea. Huko Bukavu, nilikuja kusikia, wenzake wa chuo walimpa mwanabiolojia jina la utani, *Madame J'ai-mal-parlé*, bibi niliyezungumza vibaya, na mwaka uliofuata nafasi ya mkuu wa maabara alipewa mtu mwingine, kwa maelezo kwamba mwanasayansi anapaswa kuwa na uhakika wa maneno yake. Alibeba kosa lisilokuwa lake, akijua litakuwa na uzito gani, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kufika kabla ya Jumapili. Najiuliza mara nyingi kama ni halali mwema kumfunika mkosaji hivyo, maana aliyefunikwa hakujifunza lolote, na mwezi uliopita amezikwa kwa sifa ya kutojifunza. Sijapata jibu la kunifanya nikae.

Asubuhi moja ya juma lile, nikiwa nachana nywele, nilisikia maziwa yakichujwa upande wa pili wa mbao, kisha sauti.

"Mademoiselle."

"Mama."

"Ule mama ya Kifaransa, mwenye alisema alikosea. Hakukosea, sivyo?"

"Hakukosea."

"Nilijua. Mutu mwenye amekosea kweli hasemi mbio vile." Akakamua kitambaa. "Hapa ku parseli bote banamushukuru muzee. Sawa, bamushukuru. Lakini miye sitaki nimushukuru mutu mwenye sijue. Jina yake nani?"

Nikasogeza mdomo karibu na ufa wa ubao, nikalitaja polepole na lote, kama ambavyo redio ilipaswa kulitaja tangu siku ya kwanza: Solange Kahindo.